Koti la Mtani

Safari hii ilinigharimu vidole viwili vya mguu wa kushoto, miezi minane, magunia sita ya dagaa na mtani mmoja. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na mara zote mbili kinabaki kitu kimoja nisichojua nikiweke upande gani: koti la kiume la sufu, rangi ya udongo wa mfinyanzi, lililokuwa na vifungo vitatu na uzi unaoning'inia mahali pa cha nne. Koti hilo nililitaka tangu Mbamba Bay. Nililipatania bei njia nzima. Lakini sikulinunua.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali, daftari mapajani, ukisubiri kusafishwa kidonda kisichotaka kupona. Mambo ya dawa waulize wenye dawa. Mimi nitakuambia yale ambayo mimi sikuambiwa: namna ya kukaa, namna ya kunuka bila kugombana na watu wa nyumbani, na namna ya kuishi na sauti ya mtu.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila mwenye miguu miwili na gunia akajiita mfanyabiashara. Mimi nilikuwa nanunua dagaa Mbamba Bay, ziwani, nauza Songea na Namtumbo. Kwetu ni upande wa Hanga, na huko mama yangu alikuwa ananilelea watoto watatu. Baba yao alishahamia kwa mwingine, tumwache huko huko. Songea kwangu ilikuwa mahali pa kulala usiku mmoja. Nashuka, nalala kwa mdogo wangu Yasinta, Lizaboni, asubuhi natafuta gari la Namtumbo. Usiku mmoja tu. Ule ukawa wa miezi minane.

Siku hiyo, mwezi wa tatu, mvua haijakata, tulipanda lori tukakaa juu ya magunia, na jirani yangu alikuwa Lusiano, Mhehe wa Iringa, mnunuzi wa dagaa kama mimi. Kwa asiyejua: Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali watukanane. Tangu hapo Mhehe anaweza kuninyang'anya sahani mbele ya wageni nisinune, nami naweza kumwambia neno ambalo ukimwambia mtu mwingine unapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Na mmoja akifa, mwingine ndiye anayekwenda kugombania jembe la kaburi, kulia kilio cha uongo, kuvaa nguo ya marehemu na kuiga alivyokuwa anatembea, mpaka wafiwa wacheke. Mfiwa asipocheka, mtani hajafanya kazi.

"Mtani," nilimwambia, "hilo koti umemvua nani?"

"Nimelinunua mnadani. Wewe huliwezi. Wangoni mlitembea kwa miguu kutoka huko kusini mpaka leo hamjapata nguo."

"Tulipofika kwenu tukakuta hakuna hata mbwa. Tukaulizana, hawa wanalindwa na nini? Kumbe mbwa wapo, wako chunguni."

Lori zima likacheka. Nikataja bei. Akasema bei hiyo ni ya kifungo kimoja. Nikapanda kidogo. Akasema, "Koti hili utalipata nikifa." Nikamwambia, "Basi fanya haraka, kipupwe kinakuja."

Tulipofika Mbinga akajilaza juu ya magunia, akafumba macho, akatoa ulimi nje. "Nimekufa. Lia tuone kama unafaa." Nikalia. Nilimlilia kwa sauti ya msibani kweli kweli, hata mama mmoja muuza ndizi akaacha beseni lake akaja kutazama. Alipoona maiti anacheka, akatulaani wote wawili. Mpaka tunatoka Mbinga, Lusiano alikuwa amekufa mara tatu. Nilihesabu.

Ajali yenyewe siikumbuki. Ilikuwa saa tisa mchana, mteremko, tope. Nakumbuka harufu ya dagaa karibu sana na pua, kisha mguu wangu, ambao ulikuwa umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Hauumi bado. Hatua nne kutoka kwangu Lusiano alikuwa chali, magunia mawili juu ya kifua chake. Yangu, niliyajua kwa kamba nyekundu.

"Mtani," akasema. "Nakufa. Gunia lako linaniua."

Nami nikamjibu, kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa kwenye kazi hiyo tangu asubuhi:

"Kufa basi. Lakini vua koti kwanza, lisije likachafuka."

Akatoa sauti. Mimi niliisikia kama kicheko.

Wakaja watu kutoka kwenye mashamba ya kahawa, majembe mabegani. Walinifikia mimi kwanza kwa sababu sasa mguu ulikuwa umeanza kuuma, na mimi nikipiga kelele nasikika. Mmoja akauliza, "Na yule?" Nikasema, "Yule mwacheni, mzima. Anatania tu."

Wakaniamini. Mngoni na Mhehe, nani asiyejua? Wakanifunga mguu kwa vijiti na kanga yangu, wakanisogeza pembeni. Walipomrudia yeye, vidole vyake vilikuwa vimeshapoa.

Hayo ndiyo yote. Yanayofuata ni habari za mguu.

Wodi yetu, hospitali ya Songea, ilikuwa na vitanda kumi na vinne. Ukivutiwa mguu kwa kamba na tofali likining'inia upande wa pili wa kitanda, huna kazi nyingine ila kuhesabu. Nikihesabu mara ya kwanza napata kumi na vinne. Mara ya pili napata kumi na tano. Nikamwambia Nesi Adela, muuguzi mnene mwenye mikono myepesi, kwamba wameongeza kitanda. Akanishika paji la uso, akasema ni homa. Homa ikashuka. Kile kitanda hakikuondoka.

Yasinta alikuwa anakuja mchana na uji kwenye chupa ya chai. Wiki ya kwanza alikaa ukingoni mwa kitanda, akashusha sauti.

"Dada, yule Mhehe amezikwa."

"Wapi?"

"Hapa hapa. Barabara ya Iringa ilikuwa imekatika, na maiti haisubiri. Wangoni wa sokoni Majengo ndio waliozika. Wamefanya utani wote, jembe wamegombania, mmoja kaingia kaburini akakataa kutoka." Akanimiminia uji. "Walikuulizia. Wakasema mtani wake aliyekuwa naye njiani yuko wapi, mbona kakwepa kazi?"

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia amelazwa. Wakasema sawa, siku akitoka tunamdai."

Alicheka kidogo, ili nami nicheke. Niligeuza uso ukutani. Watu wa mashamba ya kahawa walikuwa wamerudi kwenye kahawa yao. Hapa mjini hakuna aliyejua nilichosema ila mimi, na mwingine mmoja.

Mwezi wa tano walinifungua kamba, nikahamia kwa Yasinta na kidonda kilicho wazi chini ya goti. Kila asubuhi shemeji yangu Festo, mwalimu wa shule ya msingi, alinipakia nyuma ya baiskeli, mguu nimeunyoosha pembeni kama bawa la kuku aliyevunjika, tukaenda kusafisha. Sikiliza sasa, haya yatakusaidia. Kwenye benchi la vidonda watu hawajipangi, yanapangwa madaftari. Weka lako mapema kisha kaa popote penye jua. Nenda na gozi yako na glovu zako, maana zama za kukuta kila kitu hospitali zilikuwa zinakwisha. Mimi nilimuuliza muuza duka la dawa kama glovu anauza moja moja. Akasema jozi. Nikamwambia nesi wangu anatumia mkono mmoja. Akanitazama, akautazama mguu, akanipa jozi kwa nusu bei ili nitoke dukani mwake. Harufu nayo ina faida zake.

Nyumbani ilikuwa na hasara. Kidonda cha mfupa kinanuka, usijidanganye, na anayenuka ndiye wa kwanza kuzoea. Watoto wa Yasinta walihamishwa chumba. Festo hakusema kitu, ila kiti chake cha kusahihishia madaftari ya shule kilikuwa kinasogea. Kilianzia mezani. Kikafika mlangoni. Siku kilipofika barazani nikamsikia anamwambia mkewe, "Mama Tulo, si kwamba namfukuza. Ila chakula hakipiti."

Nikafunga mzigo. Asubuhi nikamwambia Nesi Adela nakwenda Hanga, watoto wangu hawajaniona tangu mahindi yakiwa mabichi. Alikuwa ameshika koleo, hakuinua kichwa.

"Nenda. Lakini mguu utauacha huku."

Akamwita daktari. Daktari akaangalia vidole vyangu, viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi, akaangalia mfupa, akachora mstari hewani chini kidogo ya goti. Nikajua anapima pa kukata.

"Daktari," nikasema, "hiyo ni bei ya kuanzia."

"Mama, hapa si sokoni."

"Najua. Sokoni ningeondoka. Chukua hivyo viwili vilivyooza. Mguu wenyewe nipe muda."

Alikwenda akanawa mikono, akarudi. "Wiki tatu," alisema. "Siongezi hata siku."

Alichukua vidole viwili. Hiyo ndiyo biashara pekee niliyoifanya mwaka ule, na bado naiona nzuri.

Ndipo Nesi Adela akaanza kunijaza sukari kwenye kidonda. Sukari hii hii ya chai. Wewe usiige mpaka nesi wako akuambie. Yasinta alipopelekewa habari kwamba natakiwa kwenda na robo kilo, alishika kiuno. "Tulipanga foleni miaka yote ile kwa kijiko cha sukari, leo imejaa madukani, inaliwa na mguu!" Wiki tatu nyumba ile ilikunywa chai bila sukari. Festo alikunywa ya kwake barazani, hakulalamika. Siku moja nikaona kiti kimerudi mlangoni.  Nilihesabu tu. Wiki ya tatu ilipoisha daktari akakuta nyama mpya, nyekundu, akauacha mguu.

Lakini nilisema nitakuambia habari ya sauti.

Alikuwa anakaa mwisho wa benchi. Mchana kweupe, watu wamejaa, muuza vitumbua anapita. Anakaa bila koti, amejikunyata, mikono kwapani. Hasemi neno. Nilikuwa namuomba Mungu asiseme, kwa sababu nilijua akisema, "Mtani, nakufa," mdomo wangu utamjibu kabla yangu. Nikiitwa ndani nahesabu madaftari yaliyobaki na watu waliobaki. Mtu mmoja hana daftari. Nilikwenda kuungama kwa padri. Akanisikiliza vizuri, akaniambia sikukusudia, Mungu ameona. Nikashukuru. Kesho yake mtu alikuwa pale pale, anasikia baridi.

Mama yangu aliposikia kule Hanga kwamba kidonda hakifungi, alituma ujumbe: utani haujaisha, ndiyo maana. Yeye hakujua lolote. Alijua tu kwamba sikwenda kuzika.

Mwezi wa saba, kipupwe kimekaza, waliingia wageni uani kwa Yasinta. Mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheusi kichwani, na mwanamume aliyefanana na Lusiano mpaka nikashika ukuta. Alikuwa mdogo wake. Mwanamke ni mjane, Mama Edina. Walikuwa wamekuja kuweka msalaba na kuwashukuru watani waliozika, nao watani wa Majengo walifuata nyuma, wanaume kwa wanawake, na ndoo mbili za komoni, pombe ya kienyeji, maana shukrani haiendi kavu.

"Kamwene, mtani," mjane akaniamkia, akanishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye uliyekuwa naye."

"Ndiye mimi."

Akafungua kanga. Koti.

"Hili ni lako. Mdogo wake alilichukua hospitali barabara ilipofunguka, pamoja na vitu vyake. Nimelifua."

Nimepatana bei tangu nikiwa na miaka tisa, lakini siku hiyo ndiyo ya kwanza kupatana nikitaka kushindwa. Nikasema litamfaa mwanawe. Akasema wanawe ni wa kike. Nikasema shemeji yake avae. Akasema halimtoshi, tena si yeye mtani. Nikasema mimi sikuchimba, sikubeba, sistahili. Watani wa Majengo wakaanza kunizomea. "Huyu anataka aongezewe na kuku!"

"Ukilikataa," Mama Edina akasema, bila utani sasa, "basi mume wangu amezikwa na wageni."

Nikalivaa. Mikono ilipita vidole vyangu. Lilikuwa na joto, kama limevuliwa sasa hivi, labda ni kwa kukaa kifuani mwake njiani.

"Haya, tuoneshe alivyokuwa anatembea!" akapaza sauti mama mmoja wa sokoni.

Niliinuka na mkongojo wangu. Nikatanguliza kifua, nikainua kidevu, nikapanda lori ambalo halipo, suruali nimeishikilia kwa mkono mmoja. Nikataja bei ya koti kwa sauti yake. Nikawauliza Wangoni kama wameshapata nguo. Mama Edina akapiga makofi. "Ndivyo! Ndivyo hasa!" Nikafa kifo cha Mbinga, ulimi nje, nikafufuka. Uwanja ukacheka. Nilikuwa nafanya kazi yangu, na naifanya vizuri.

Kisha mjane akafuta uso. "Na mwisho, mtani? Alisema nini mwisho?"

 Swali hilo nililisubiri miezi minne. Uongo wake nilishautayarisha, tena mzuri: alikutaja jina, akaomba msamaha wa dhambi zake, akalala. Usingemuumiza mtu. Nikafungua mdomo niutoe, na koti likanibana mabegani.

Nikalala chini, chali.

"Mtani," nikasema kwa sauti yake. "Nakufa. Gunia lako linaniua."

Nikageuza kichwa upande wa pili, nikajijibu kwa sauti yangu: "Kufa basi. Lakini vua koti kwanza, lisije likachafuka."

Kicheko kikapasuka uani mwote. Nikainuka kwa kiwiko. "Nasema kweli. Hivyo ndivyo nilivyomjibu."

Wakazidi.

"Na watu walikuja, nikawaambia mwacheni, anatania. Sikilizeni! Wangemtoa. Mimi ndiye niliyemuua."

"Mngoni huyo!" mzee mmoja wa sokoni akasema, akigonga chini kwa fimbo. "Mtani ndiye huyu! Kaua, na koti kachukua!" Mdogo wa marehemu akapaliwa na komoni, ikabidi apigwe mgongoni. Yasinta peke yake aliacha kucheka katikati. Ananijua.

Mama Edina alipiga magoti karibu yangu, anacheka, machozi yanamtoka, akayafuta kwa mkono wa koti nikiwa nimelivaa. "Ahsante, mtani. Tangu afe sijacheka." Nikamtazama machoni, nikatafuta humo kama amesikia. Machozi ya kicheko na machozi mengine rangi yake ni moja. Sikuona kitu. Jioni wakaondoka.

Kesho yake kwenye benchi alikuwepo mwisho pale pale, amejikunyata. Koti nilikuwa nimeliacha nyumbani. Tukasikia baridi wawili.

Kidonda kilifunga mwezi wa kumi. Yasinta anasema ni koti, mama anasema ni utani kukamilika, mimi nasema ni sukari na Nesi Adela. Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikinusa nusa, Festo alinibebea mzigo mpaka kituoni. Kabla gari halijaondoka akaninusa shingoni kama mtoto mchanga, akasema, "Shemeji, chakula kitapita sasa." Nilicheka mpaka Namtumbo. Hanga watoto wangu walinipita njiani wakaniamkia shikamoo; hawakunitambua kwa mwendo wangu. Huo nao ni ugonjwa, na hauna gozi.

Imepita misimu miwili. Natembea, nauza, nachechemea. Benchi sikai tena, lakini nikihesabu watu gulioni, mara ya pili anazidi mmoja. Yasinta anasema niache, mjane alipata kicheko chake, nisimnyang'anye. Mama anasema neno la utani halirudiwi nje ya utani, litageuka tusi. Padri alishamaliza. Lakini aliyesamehewa pale uani ni mtani, na mtani hana kosa. Mimi sijasamehewa, kwa sababu sijasikika.

Koti nimelifua mara mbili, kifungo cha nne nimekishona. Nauli ya Iringa ninayo. Sasa ninyi mnaoujua utani kuliko mimi, wazee wa Songea na wa Iringa, nishaurini: nikifika mlangoni kwa Mama Edina na koti mkononi, nianzeje, ili asicheke?